Ingia Polepole: Kulitembelea Jumba la Sanaa Lililomo Ndani ya Jengo la Kale

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wageni waalikwa, wapenzi wa sanaa mliojaa ukumbini: asanteni sana kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulitembelea jumba la makumbusho ya sanaa. Naomba ruhusa yenu nizungumzie aina moja tu, ile ninayoipenda kuliko zote: jumba la mkoa, lililowekwa ndani ya jengo la kale ambalo halikujengwa kwa ajili ya picha. Simaanishi yale majumba makubwa ya miji mikuu, ambako watu hupanga foleni ndefu ili waione picha moja mashuhuri kwa nusu dakika juu ya mabega ya wenzao. Haya ninayoyasema ni madogo, na siku nyingi hayana msongamano. Mengine yalikuwa nyumba za watawa, mengine ngome, mengine kasri la tajiri mmoja, na moja nitakalowaeleza lilikuwa bwawa la kuogelea.

Hoja yangu ni hii. Katika jumba la namna hiyo wamekutana wahamiaji wawili. Wa kwanza ni jengo lenyewe, lililoachishwa kazi yake ya mwanzo. Wa pili ni mchoro au sanamu, iliyong'olewa mahali ilipotengenezewa ikaletwa hapo. Hawakuchaguana. Mgeni anayeingia akatazama picha peke yake ameona nusu, na anayeshangaa dari na nguzo kisha akaondoka ameona nusu nyingine. Utamu wenyewe umo katika namna hao wawili wanavyoishi pamoja: wapi wanapatana, wapi wanasukumana, na nani aliyekaa akawapatanisha.

Nianzie Palermo, kisiwani Sicily, kwa kuwa jumba la huko linaitwa rasmi Jumba la Sanaa la Mkoa wa Sicily. Limo ndani ya Palazzo Abatellis, kasri lililojengwa mwishoni mwa karne ya 15 na msanifu Matteo Carnilivari kwa ajili ya Francesco Abatellis, aliyekuwa mkuu wa bandari za ufalme. Baada ya Abatellis jengo likaingia mikononi mwa watawa wa kike, likawa makao yao kwa karne nyingi. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, likaangukiwa na mabomu. Vita vilipokwisha likakarabatiwa, kisha mwaka 1953 msanifu kutoka Venice, Carlo Scarpa, akaitwa apange vitu ndani yake, na mwaka 1954 milango ikafunguliwa kwa umma. Kasri, nyumba ya watawa, makumbusho: kuta ni zilezile.

Ukiingia, kitu cha kwanza ni ua wa ndani, wenye baraza ya nguzo chini na nyingine juu yake. Hapo ndipo ninapowasihi watu wasimame. Wengi hukatiza ua mbiombio wakitafuta chumba cha kwanza, kama vile ziara haijaanza. Imeshaanza. Ua ule unakueleza ukubwa wa nyumba, upande jua linakotokea, na cheo cha mwenyewe aliyetaka wageni wake wapande ngazi za mawe mbele ya macho ya watu wote. Ukishayaelewa hayo, vyumba vitakavyofuata havitakupoteza.

Katika chumba kilichokuwa kanisa la watawa kuna mchoro mkubwa wa ukutani uitwao Ushindi wa Mauti. Ni wa miaka ya 1440 hivi, na una takriban mita 6 kila upande. Mauti ni mifupa mitupu, amempanda farasi ambaye naye mbavu zake zinahesabika, na farasi huyo anaruka katikati ya bustani huku mpandaji akitupa mishale. Chini ya kwato wamelala wakubwa wa dunia: papa, maaskofu, watawala, wote wamekwisha chomwa. Upande wa kulia kuna watu wa anasa, mabibi waliopambwa na mpiga ala za muziki, na mishale imeanza kuwafikia. Upande wa kushoto wamesongamana maskini na wagonjwa. Hao wanainua mikono kumwomba Mauti awachukue wao, na yeye amewapita, hawaangalii. Kati ya hao maskini wapo wanaume wawili wanaotutazama sisi moja kwa moja, mmoja ameshika vifaa vya uchoraji. Wataalamu wengi wanaamini kuwa ni mchoraji mwenyewe na msaidizi wake. Jina lake halijulikani kwa uhakika hadi leo. Sura yake ipo, jina halipo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kibao cha maelezo hulisema kwa mstari mmoja tu, nami naona ndilo kubwa. Mchoro huu haukupakwa hapo. Ulikuwa katika ua wa jengo jingine la Palermo, Palazzo Sclafani, ambalo katika karne ya 15 lilikuwa limegeuzwa hospitali. Hebu fikirini. Aliyeutazama kila siku hakuwa mtalii. Alikuwa mgonjwa, au mama anayemsubiri mwanawe, au mhudumu anayepita na ndoo. Wale maskini wa kushoto walikuwa wanafanana na watu waliosimama mbele yao. Miaka ya 1940 mafundi waliubandua ukutani vipande vinne ili kuuokoa, na baadaye ukaletwa katika chumba ambamo watawa walikuwa wakisali.

Scarpa hakuweza kuurudishia hospitali yake, lakini alifanya jambo la busara. Unauona kwanza ukiwa chini, umesimama usawa wa kwato, na unaelemewa. Kisha unapanda ghorofani, unapita vyumba vingine, na kwa ghafla unafika mahali unapoutazama tena, safari hii kutoka juu, kutoka pale kwenye sehemu ya juu ya kanisa. Sasa unaona mpango mzima: mzunguko wa watu kando ya farasi, chemchemi, uzio wa bustani. Jengo lenyewe limekupa macho mawili tofauti kwa mchoro mmoja. Katika ukumbi mpya mweupe wa kisasa usingeyapata hayo.

Katika jumba hilohilo kuna sanamu ya kichwa na mabega ya mwanamke, Eleonora wa Aragon, iliyochongwa na Francesco Laurana katika karne ya 15 kwa marumaru nyeupe. Uso umelainishwa mpaka karibu upoteze alama zote, kope zimeshuka. Nyuma yake Scarpa aliweka ubao wa kijani. Basi, ni hilo tu. Lakini nawaomba siku mkifika msogee kando mpaka ubao usionekane nyuma ya uso, halafu mrudi. Marumaru ileile iliyokuwa baridi inapata joto. Mtu alikaa akafikiri rangi moja kwa ajili ya shavu moja.

Na kuna picha ndogo ya Antonello da Messina, Bikira Maria akipashwa habari, ya mwaka 1475 au 1476 hivi. Ina sentimita 45 kwa 34 na nusu. Amejifunika mtandio wa buluu, mkono wa kushoto umeushika mtandio kifuani, mbele yake kuna kitabu kilichofunguliwa, na mkono wa kulia umenyoosha vidole kuelekea kwetu, kama anayemwambia aliyeingia asubiri kwanza. Malaika hayumo. Karibu kila mchoraji wa zama zile alimchora malaika anayemletea Maria habari kwamba atamzaa Yesu. Antonello amemwacha nje, na mahali alipopaswa kusimama malaika ndipo ulipo wewe mtazamaji. Picha kama hii haitaki umati. Inataka chumba kidogo na mtu mmoja au wawili, na hilo ndilo jumba la mkoa linaloweza kukupa.

Nimesema habari ya hospitali, na siwezi kuiacha bila kwenda Colmar, mashariki mwa Ufaransa. Huko kuna Jumba la Unterlinden, ndani ya nyumba ya watawa wa Kidominika iliyojengwa karne ya 13. Humo imo madhabahu ya Isenheim, yaani mbao za ibada zinazofunguka kama milango, iliyopakwa rangi na Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516, yenye michongo ya Nikolaus Hagenauer. Nayo ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa. Watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim, kijiji kilichoko kusini mwa Colmar, waliwatunza watu waliougua kwa kula mkate wa nafaka iliyoingia kuvu ya sumu. Ugonjwa ule uliunguza viungo, ngozi ikaharibika, watu wakakatwa mikono na miguu. Grünewald alimchora Kristo msalabani akiwa na ngozi iliyojaa vidonda, vidole vimepinda kwa maumivu. Mgonjwa aliyebebwa mpaka mbele ya madhabahu ile alimwona Mungu aliyeugua kama yeye.

Madhabahu ile ilikuwa na milango iliyofunguliwa kwa hatua, kulingana na sikukuu za kanisa. Siku za kawaida ulionekana msalaba na giza. Siku kuu milango ilifunguliwa, ikatokea rangi nyekundu, dhahabu na machungwa, na Kristo mfufuka katikati ya duara la mwanga, ngozi yake safi, bila vile vidonda vya ugonjwa. Leo mbao zimetenganishwa ili uzizunguke uone pande zote kwa siku moja. Nasema wazi kwamba hapo tumepata na tumepoteza. Tumepata kuona kila kitu. Tumepoteza kusubiri. Ndiyo maana nawashauri muifuate kwa mpangilio wake wa zamani: mketi mbele ya msalaba kwanza, kwa muda wa kutosha, na msichungulie nyuma mpaka mmeushiba.

Mtauliza, vitu hivi vilifikaje katika makumbusho? Jibu si zuri lote. Katika Mapinduzi ya Ufaransa mali za kanisa zilitaifishwa, watawa wakafukuzwa, majengo yakawa kambi za askari, maghala, mazizi. Nyumba ya Unterlinden yenyewe ilikaliwa na wanajeshi kabla ya chama cha wenyeji wapenda sanaa kuiokoa, na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1853. Nyuma kidogo, mwaka 1801, serikali ya Ufaransa ilitoa amri ya kugawa michoro kwa miji 15, kama Lyon, Bordeaux, Marseille, Lille na Dijon, kwa sababu stoo za Paris zilikuwa zimefurika vitu vilivyotwaliwa makanisani, kwa watu waliokimbia, na katika nchi zilizoshindwa vitani. Majumba mengi ya mikoa tunayoyasifu yalizaliwa hivyo. Mgeni mwenye heshima hulijua hilo anapoingia. Akikuta kwenye kibao neno kwamba mchoro "ulitoka" katika kanisa fulani, ajiulize ulitokaje. Hilo haliharibu uzuri wa mchoro. Linaurudishia maisha yake.

Verona, kaskazini mwa Italia, nitaipitia haraka, ingawa wasanifu majengo waliomo humu watanilaumu. Ngome ya Castelvecchio ilijengwa katikati ya karne ya 14 na watawala wa ukoo wa Scala, na ni makumbusho tangu miaka ya 1920. Scarpa aliifanyia kazi kuanzia 1958 mpaka 1964, akarudi tena baadaye. Nawaomba mtazame mambo mawili. La kwanza ni sakafu: hakuiacha iguse kuta za kale. Pembeni mwake ameacha mfereji mwembamba, ili ujue papo hapo ni kipi cha kale na kipi cha karne ya 20. La pili ni sanamu ya Cangrande wa Kwanza, mtawala wa ukoo huohuo, juu ya farasi wake, akitabasamu. Ameiweka nje, juu ya jukwaa la zege lililochomoza hewani, mahali alipobomoa sehemu ya jengo lililoongezwa zama za Napoleon. Unamwona kutoka uani, kisha kutoka daraja dogo, kisha ana kwa ana. Ni ujasiri mkubwa kubomoa ndani ya jengo la kihistoria ili historia ionekane, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi.

Na lile bwawa? Liko Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, mji wa viwanda vya nguo. Msanifu Albert Baert alilijenga, likafunguliwa mwaka 1932. Katika mji ambao nyumba nyingi za wafanyakazi hazikuwa na bafu, watu walikuja kuogelea na pia kuoga. Mwaka 1985 likafungwa kwa kuwa paa lilikuwa hatari. Mwaka 2001 likafunguliwa upya kama jumba la sanaa na viwanda, kwa kazi ya Jean-Paul Philippon. Sanamu zimesimama kandokando ya ukanda wa maji, na vyumba vidogo vya kuogea vimegeuzwa kabati za vyombo vya udongo na vitambaa. Kwenye ncha mbili za ukumbi kuna madirisha makubwa ya vioo vya rangi, moja jua likichomoza, jingine likitua. Nalipenda jumba hili kwa sababu moja hasa: halikulificha bwawa. Wangeweza kulifunika kwa mbao, wakapata ukumbi mpana wa kutundikia picha. Waliyaacha maji, na aliyejifunzia kuogelea pale akiwa mtoto anarudi leo na wajukuu, anaingia makumbusho bila kuogopa, kwa sababu ni kwake.

Hapo ndipo ninapogombana na wasimamizi wa baadhi ya majumba. Wanapewa jengo la kale lenye dari iliyochorwa, madirisha marefu, sakafu iliyochakazwa na nyayo za vizazi, halafu wanasimamisha kuta nyeupe za jasi kuanzia chini mpaka juu, wanaziba kila dirisha. Naelewa sababu zao, na nitazieleza sasa hivi. Lakini mgeni anayetembea humo hajui tena yuko wapi. Mkikuta hivyo, ulizeni kwa adabu: nyuma ya ukuta huu kuna nini? Mara nyingi mhudumu atafurahi kuwajibu.

Sababu zao ni mwanga na unyevu. Mwanga huharibu, na uharibifu wake hujumlishwa: rangi iliyopauka hairudi. Ndiyo maana michoro ya karatasi, rangi za maji na vitambaa huwekewa mwanga wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), na michoro ya mafuta karibu luksi 200, wakati dirishani mchana wa jua kuna maelfu. Ukiingia chumba chenye giza usinung'unike. Simama dakika chache, macho yatazoea, na rangi zitajitokeza. Karatasi nazo hutolewa kwa miezi michache kisha hurudishwa stoo kupumzika, kwa hiyo usikasirike ukiambiwa mchoro ulioufuata haupo.

Unyevu ni mgumu zaidi. Mbao huvimba hewa inapolowa na kusinyaa inapokauka, na rangi iliyopakwa juu yake haiwezi kuzifuata, hivyo hupasuka na kubanduka. Wahifadhi hupenda unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 40 na 60 na usirukeruke. Jumba jipya hufungwa mitambo ya hewa tangu siku ya ujenzi. Jumba la kale huwezi kulitoboa ovyo ukapitisha mabomba, maana sheria inalilinda. Lakini lina kuta nene za mawe na chokaa, ambazo huchelewesha joto na baridi ya nje. Ukiona kisanduku kidogo chenye namba kimekaa pembeni ya chumba, hicho kinapima hewa. Ukiona picha zimening'inia kwa waya kutoka kwenye reli iliyo juu karibu na dari, ni kwa sababu ukuta haugongwi misumari. Nami huwa nazitazama sana waya zile. Zinaonyesha adabu ya mhamiaji mmoja kwa mwenzake.

Sasa ziara yenyewe. Kabla ya kwenda, pigeni simu. Majumba ya mikoa hufunga vyumba kwa uhaba wa walinzi, na ni uchungu kusafiri ukakuta mlango wa chumba ulichokifuata umefungwa kamba. Mkifika, zungukeni jengo kwa nje kwanza, halafu uani. Msijaribu kuona kila kitu. Mimi huchagua vyumba vitatu au vinne, na katika kila chumba huchagua kitu kimoja cha kukaa nacho. Nakitazama kabla ya kusoma kibao, kwa sababu nikishasoma jina na mwaka, macho huanza kutii maandishi. Kisha nageuka, naangalia chumba: dirisha liko wapi, mlango ulikuwa wa nani, kwa nini kitu hiki kimewekwa hapa na si pale. Na ongeeni na walinzi. Anayekaa chumba kimoja mwaka mzima anajua ni saa ngapi mwanga wa alasiri unafika kwenye uso wa sanamu.

Wapelekeni watoto, na mwaachie mtoto achague cha kutazama. Katika majengo haya mtoto huvutiwa na ngazi za kuzunguka, mashimo ya mishale na milango midogo, na hakuna ubaya. Atafika kwenye picha kwa njia yake.

Jambo moja linaniuma. Majengo haya hayakuwafikiria watu wote. Ngazi za kasri la karne ya 15 hazimjui mtu wa kiti cha magurudumu, wala mzee mwenye magoti mabovu. Wapo wanaosema lifti itaharibu jengo la kihistoria. Siafikiani nao hata kidogo. Jengo lililowahi kugeuzwa makao ya watawa, kambi ya askari, na makumbusho, linaweza kubeba lifti moja iliyosanifiwa kwa uangalifu. Scarpa na Philippon wameonyesha kwamba kitu kipya kinaweza kuingia katika nyumba ya kale kikiwa wazi na kikiwa na heshima. Kwa hiyo mkipiga simu, ulizeni pia habari ya lifti, hata kama ninyi hamwihitaji. Wasimamizi husikiliza wanapoulizwa na wengi.

Nimeleta picha kubwa za ua wa Palermo na za madhabahu ya Colmar, ziko mezani hapo mbele. Anayetaka kuzitazama kwa karibu asogee, na mwenye swali au anayenipinga kuhusu Verona tuanze naye.